Dirisha la Uani

Fundi wa vioo haamini maandishi ya kiwandani. Huwasha kiberiti mbele ya sampuli na kuhesabu miali inayoonekana ndani yake: miwili kwa kila tabaka la kioo. Huongea chinichini, kana kwamba kuna mtoto amelala. Mama alitaka tabaka tatu nyumba nzima, maana malori ya barabarani yalimnyima usingizi. Fundi akapita dirisha kwa dirisha, mimi na mama tukimfuata, akifumba macho na kusikiliza, mkono wake wenye makovu ukiwa juu ya fremu. Alipofika la uani akauliza, "Nani huyo anakohoa?"

"Mume wangu. Tangu augue hushinda hapo nje."

"Basi upande wa barabara tutaweka tabaka tatu. Hili, mama, tusiliguse."

Mama, anayebishana hata na redio, akaitikia kwa kichwa. Huko nje baba akakohoa tena, tukamsikia sote watatu.