Kasimiri na Magari ya Kwenye Runinga

Hakuna kitu ambacho Kasimiri alikidharau kama magari ya kwenye runinga. Alikuwa na miaka thelathini na moja kwenye lori, akileta tumbaku Tabora kutoka Sikonge na kupeleka saruji Mpanda. Kwao ni watu wa barabara tangu enzi za misafara. Babu wa babu yake alibeba pembe begani kutoka Tabora hadi pwani. Sasa mtu mzima aketi kwenye kochi ajiite dereva? Kwa Kasimiri huyo alikuwa sawa na mtu anayejiita mpishi kwa kunusa moshi wa jirani. Maneno hayo aliyasema mbele ya kibanda cha gemu cha Theodora, karibu na stendi, kwa sauti, ili wenyewe wasikie.

Basi Jumamosi moja asubuhi Theodora alipomwona anaingia, alidhani amekuja kugombana. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya puani, kisha mzee akauliza ni gemu ipi iliyo karibu zaidi na barabara ya kweli.

Hakusema kwa nini anauliza. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi mguu wa kulia, na daktari alimwambia aachane na usukani. Daktari mwenyewe angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, kwa hiyo naye Kasimiri alimdharau. Lakini Jumatatu alikuwa na safari ya Mpanda, na tajiri wake, Adriano, hakujua lolote. Alitaka kujipima mwenyewe kabla hajapanda lori, mahali ambapo akikosea hafi mtu.

Theodora alimweleza kuwa ana gemu mbili za magari: moja wateja wanaicheza, nyingine wanaisifia tu. Akamwanzishia ile ya kwanza. Ilikuwa upuuzi mtupu. Gari liliruka korongo, likatua kwa magurudumu yote manne, likagonga ukuta na kuendelea na safari kana kwamba ukuta ulikuwa pazia. Gari jingine lilipomjia kwa kasi kutoka nyuma, Kasimiri alisogea pembeni akalipisha, kwa adabu ya barabarani, na bado akamaliza wa pili. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamkera. Gari lisiloweza kuua, alisema, ni kitanda chenye magurudumu.

Gemu ya pili ilikuwa na usukani uliofungwa mezani na pedeli chini. Hapa alianza kukagua kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Injini inanguruma lakini kiti kimetulia, na dereva asiyetetemeka makalio atajuaje gari lake linasema nini? Matope yalikuwa mazuri mno, ya watu ambao hawajawahi kuzama kwenye udongo mweusi wa Choma wakalala hapo siku mbili. Hapakuwa na mbuzi wala baiskeli ya mkaa. Hata hivyo gari lilikuwa na uzito. Ukiikosea kona, unaadhibiwa papo hapo. Polepole Kasimiri aliacha kukosoa, akaanza kuendesha.

Mbele, kwenye mteremko wa msituni, aliona matawi mabichi yametandazwa barabarani. Mchezaji mwingine angeyakanyaga bila kuwaza, maana yalikuwa pambo tu. Lakini dereva wa huku akiona matawi anajua kuna gari limekufa mbele, apunguze mwendo. Kasimiri akafunga breki. Gari likazidi kukimbia, likapita juu ya matawi, likatoka nje na kujibamiza kwenye mti.

Alicheka sana. Alisema waliotengeneza gemu hiyo ni wajinga, wanatandaza matawi na lori lenyewe halipo, tena breki zao hazishiki. Theodora angeweza kumkubalia yakaisha. Lakini yeye hakuwa akitazama runinga, alikuwa akitazama chini ya meza.

"Baba, breki hukuigusa," alisema. "Mguu uko kwenye mafuta."

Kasimiri akainama. Kweli, mguu ulikuwa bado umekandamiza mafuta mpaka mwisho, na yeye hakuwa na habari nao. Aliomba arudie. Akarudia mara tatu, na mara mbili kati ya hizo mguu ulikwenda tena kwenye mafuta. Hapo aliogopa kweli, akatoa simu na kumpigia Adriano.

"Jumatatu mweke mtu mwingine," alisema. "Mguu wa kulia haunitii."

Adriano alicheka kwanza, akidhani mzee anaomba lori jipya kwa kuzunguka. Kisha akauliza ni tangu lini.

Kasimiri angeweza kusema tangu jana. Lakini alishasema mengi kuhusu watu wanaojiita madereva, hakutaka kuwa mmoja wao.

"Tangu mwezi wa tano," alisema. "Hata siku ile niliyompeleka mkeo na wanao Sikonge."

Adriano akasema anakuja mwenyewe kuchukua funguo za lori, akakata simu.