Jiko Lisilokula Sana

Dirishani kwa Bi Biubwa, ghorofani Yeoville, palikuwa na majiko ya makopo ya soda, na kila lililofeli lilikuwa na jina. Lililokunywa spiriti nyingi na maji yasichemke aliliita Marehemu, kwa heshima ya mumewe. Lililovuma sana bila kuivisha kitu aliliita Shemeji.

"Mungu amrehemu," husema, "lakini kweli haizikwi na maiti."

Alianza kuyaunda umeme wa Johannesburg ulipozoea kukatwa kwa zamu, maana mwanamke wa Tanga hawezi kukaa gizani, tena bila chai. Hukata matako ya makopo mawili, akayachomeka moja ndani ya jingine, akatoboa vitundu ukingoni kwa sindano. Kisha mtihani: kizibo cha spiriti, kikombe cha maji, sufuria ileile. Maji yakichemka kabla moto haujafa, limefaulu. Yasipochemka, hupewa jina.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio, akaingia jirani yake Mamie, msusi kutoka Lubumbashi.

"Mama Biubwa, papa Salum ananituma kwako. Anasema anatafuta jiko. Kadogo, kenye hakakule mingi, kenye kanawaka mbio, kenye hakapige makelele."

Sindano ikamponyoka Biubwa. Salum alikuwa Mtanga mwenzake, mlinzi wa geti la maegesho kule Braamfontein, aliyefiwa na mke zamani. Na pwani, mwanamume akisema anatafuta jiko, mara nyingi hazungumzii chai. Anataka kuoa. Mamie hakuyajua hayo. Kwao jiko ni mbabula, chombo cha kupikia tu. Neno la Salum alilibeba kama alivyopewa, kama mtu abebaye mayai ya wenyewe.

Moyo wa Biubwa ulidunda. Kila Ijumaa alikuwa akiichungulia dirishani ile kanzu nyeupe ya Salum ikienda msikitini, na aliyekuwa ndani yake pia. Halafu hasira zikampanda.

"Kadogo? Mimi?" Akajipiga nyonga. "Tena nisile, nisiseme! Anataka mke huyu, au picha ya ukutani? Na posa gani inaletwa na msusi mwenye vitana kichwani?"

"Posa ya nani, mama?"

"Mwambie aje mwenyewe. Jumapili."

Jumapili akajifukiza udi, akajifunga leso mpya. Salum akabisha hodi, mkononi ana birika jeusi kwa masizi.

"Bi Biubwa, kibanda changu pale getini kina baridi ya kugandisha mate. Nimesikia majiko yako yanachemsha maji kwa kizibo kimoja tu."

Kumbe jiko lilikuwa jiko! Mamie, mlangoni, aliyekwisha kuelezwa jiko la pwani ni nini, akang'ata ncha ya kilemba chake asicheke. Biubwa alitamani sakafu immeze, lakini sakafu ya Yeoville ni saruji. Akainua shingo, akachukua jiko lake bora, lile lisilo na jina, akalipeleka kibarazani juani, akaliwasha na kuteleka birika.

Salum akainama, akachungulia.

"Limekufa hili, bibi. Niongeze spiriti?"

"Ongeza, tukuzike bila ndevu. Weka kidole kwanza."

Akaweka. Akaruka. "Mama wee! Linawaka!"

"Moto wa spiriti hauonekani mchana," alisema Biubwa. "Nani alikwambia kilichotulia kimezima? Na ujue, hili linakula. Likitaka, linapiga kelele. Asiyetaka hayo akanunue la umeme, akae nalo gizani."

Salum, kidole mdomoni, akaitazama leso. Akanusa udi. Akamgeukia Mamie, ambaye sasa alikuwa amekaa chini kabisa, machozi ya kicheko yakimtoka. Mtanga ni Mtanga: neno likamwingia.

"Lahaula! Alikuletea vilevile? Natafuta jiko?"

"Vilevile. Lisilokula sana."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Birika likaanza kutokota, kifuniko kikacheza, na hakuna aliyelitazama. Akaiokota kofia, akaikung'uta polepole, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi, Biubwa. Lile jiko jingine. Mtu akilitaka, anaenda kuuliza kwa nani?"

"Kwa kaka yangu Luqman, Fordsburg," akajibu, akimimina chai. "Na birika uliache nyumbani."