Mama mkwe ananidungisha nyuki, baba mkwe yuko nyuma ya ukuta

Admin, habari za kazi. Ukiliweka hili, jina langu libaki kwako, maana ukoo wa mume wangu unafuatilia sana ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa mwaka juzi, sina mtoto bado. Ni karani katika ofisi moja hapa Kyela mjini na tunaishi Mbugani. Mume wangu ni mfanyabiashara, anavuka mpaka kwenda Malawi mara kwa mara, kwa hiyo muda mwingi niko peke yangu. Nina ugonjwa wa baridi yabisi. Asubuhi vidole vinakakamaa hadi namwomba jirani anifungie vifungo vya blauzi. Hospitali walinipa vidonge na kuniambia ni ugonjwa wa kuishi nao. Hapo ndipo wakwe zangu walipoingia.

Baba mkwe anafuga nyuki kwenye shamba lake la kakao huko Makwale. Watu wenye maumivu ya viungo humfuata awadungishe nyuki, na wapo wanaosema wamepona. Lakini kwa ukoo wao mila ya zamani bado inashikwa: mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Nikimwona njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Kwa hiyo mimi hawezi kunitibu kwa mkono wake. Mama mkwe ananikalisha jikoni, anamtoa nyuki kwenye kopo kwa kibano na kumbandika kwenye kifundo cha mkono wangu. Mzee anakaa kibarazani, nyuma ya ukuta wa mianzi, anatoa maelekezo. Akitaka kujua hali yangu anamuuliza mama. Mama ndiye anayemjibu.

Siwezi kudanganya, mara ya kwanza nilipata nafuu. Niliweza kushika kalamu siku kadhaa bila kuumia. Nilimletea mama kitenge na kumwambia ndaga fijo, asante sana, kwa moyo wote.

Mara ya pili nilipata vipele mwilini. Mara ya tatu, haukupita muda midomo ikavimba, kifua kikabana, nikasema, "Mama, koo linaziba."

Nyuma ya ukuta mzee akauliza, "Vipi mgonjwa?"

Mama akanitazama machoni. Akajibu, "Yuko vizuri, mzee. Analalamika kidogo kama mtoto wa mjini."

"Midomo haijavimba?"

"Hata kidogo."

"Basi ongeza mmoja."

Nilitikisa kichwa, nikavuta mkono. Akanishika, akaniongeza. Kilichofuata sikumbuki vizuri. Nilizinduka nimelazwa kwenye mkeka, nguo zimelowa maji, namsikia mama akimwambia mumewe kwamba nimepitiwa na usingizi kwa sababu dawa imeingia.

Nilipopata nguvu nilienda zahanati. Tabibu aliniuliza maswali mengi, mwisho akasema, "Dada, huo ni mzio. Nyuki mwingine anaweza kukufunga njia ya hewa. Usirudi huko."

Nilimweleza mama mkwe kwa adabu kabisa. Akacheka. "Hao wa zahanati wakikuponya watakula wapi? Sumu ya ugonjwa lazima itoke kwa kelele, mwanangu." Nikamwomba basi amweleze mzee kilichotokea. Akasema ameshamweleza. Siamini. Mtu aliyeuliza mwenyewe kama midomo imevimba, akiambiwa ilivimba, angesema tuendelee?

Nikampigia mume wangu. "Baba alianza nyuki kabla hujazaliwa," akasema. "Mwambie mama."

"Mama ndiye anayeficha."

"Umeanza. Kila mtu mbaya kwako."

Tangu hapo nachunguza kila kitu. Wifi yangu aliniambia huku anacheka, "Wee, usimwangushe mama. Kanisani ameshatoa ushuhuda kwamba umepona." Labda ni hilo tu, aibu. Lakini pia nimewahi kumsikia akimwambia dada yake kwamba mwanawe alioa mikono isiyoshika jembe, na kwamba mke wa namna hiyo hawezi kulea watoto. Sasa kila anaponikaribisha chai nanusa kwanza. Najua ninavyosikika. Ndiyo maana sijamwambia mtu hapa ofisini.

Nilifikiria kumwandikia mzee ujumbe, lakini simu yake anaishika mama, yeye macho yamechoka. Nikatafuta mtu wa kumtuma. Kila ninayemfikiria ni wa ukoo wao.

Jumamosi natakiwa Makwale, nikadungwe tena. Mama amealika na wanawake wenzake wa kanisani waje kuona. Nisipoenda nimewadharau wakwe mbele za watu, na mume wangu ameshasema kwamba nikimwaibisha mama yake nisimsubiri nyumbani kwake. Nikienda, naweza nisirudi. Kuna njia moja tu ninayoiona: nikae pale jikoni, nipaze sauti mimi mwenyewe, nimwambie, "Baba, wanakudanganya, nilikuwa nakufa." Ni kuvunja mwiko. Wazee wataniita, na huenda nikarudishwa kwetu.

Ningeshathubutu, isipokuwa jambo moja linaninyima usingizi. Ule ukuta ni mianzi mitupu. Mimi namsikia yeye akikohoa, akisogeza kigoda. Siku ile nilikuwa nakoroma nikitafuta hewa, naye alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwangu. Je, kweli hakusikia? Au alisikia, akachagua kuamini jibu la mkewe kwa sababu mila haimruhusu kunisikia mimi?

Naogopa nitapaza sauti, na upande wa pili kutakuwa kimya.

Ndugu zangu, hasa mlioolewa huku kwetu mnaoijua mila hii, nishaurini. Nifanye nini kabla ya Jumamosi?