Mafuta ya Nazi Kwenye Breki

Naambiwa na wanangu kwamba mambo ya zamani niyaache yapite. Mengine nimeyaacha. Hili siliachi, na atakayeniona nina kisirani na anione.

Uhuru ulikuwa unanukia, na Wazungu waliokuwa wakirudi kwao waliuza vitu vyao kwa bei ya kutupa. Mume wangu, karani wa bohari bandarini, akanunua gari. Lilikuwa kuukuu, limeliwa na chumvi, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba, lakini pale kwetu Likoni lilimfanya atembee kifua mbele. Breki ndizo zilizokuwa zimekwisha. Akasema hapeleki kwa fundi, atazifunga mwenyewe uani. Na kazi aliijua, sitamnyima haki yake. Rafiki yake wa gereji alikuwa amemfundisha mpaka akaelewa.

Siku aliyozifunga, mimi nilikuwa nimetoka arubaini. Mtoto wetu wa kwanza tulitaka kumvusha kisiwani akaonwe na bibi yangu, mama yake baba, ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani. Baba yangu alikuja asubuhi ili tufuatane. Akakuta gari limeinuliwa kwa jeki, mume wangu amepiga magoti akifunga viatu vipya vya breki. Ni vipande viwili vilivyopinda. Dereva akikanyaga, vinatanuka na kubana chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Kubana huko ndiko kunakolisimamisha gari, na hakutaki hata tone la mafuta.

Alipomaliza alilizungusha gari uani kulijaribu. Likasimama papo hapo, ila breki zililia kwa sauti kali, kama kawaida ya viatu vya breki vikiwa vipya. Baba akakunja uso.

Baba alikuwa mtu wa minazi. Ujanani aliwahi kuwa utingo wa lori la mbata kwa msimu mmoja, na msimu huo ulimtosha kuwa mjuzi wa kila chenye magurudumu.

"Chuma hicho kina kiu," akasema. "Fungua, mwanangu, tukipe mafuta."

"Naam, baba," mume wangu akajibu, akaanza kufungua tena.

Kisha nikasikia naitwa.

"Abee, baba."

"Hebu nletea mafuta ya nazi."

Nikampelekea chupa yangu ya mafuta ya nywele, nikidhani anataka kulainisha jeki. Akachovya kidole akavipaka vile viatu vya breki taratibu, kimoja baada ya kingine, kama anayemkanda mtoto. Mume wangu alisimama pembeni na spana mkononi, akikubali kwa kichwa. Magurudumu yakarudishwa, gari likazungushwa tena uani kwa mwendo wa kobe. Kelele zilikuwa zimekwisha. Baba akacheka kwa furaha.

Nilikuwa jikoni namfunga mtoto nguo mume wangu alipoingia, jasho linamtiririka.

"Wewe ukae nyuma," akaninong'oneza. "Na mtoto umshike sana."

"Kuna nini?"

"Zile breki hazitashika vyema. Lakini n'takwenda polepole."

"Hukumwambia baba?"

"Yule ni mkwe wangu. N'tamwambiaje?"

Njia ya kwenda feri huteremka moja kwa moja mpaka majini. Alikuwa tayari kuniteremsha pale na kichanga mapajani, kuliko kumwambia mzee kwamba hapo umekosea. Nikatoka nje na mtoto wangu begani.

"Baba, unisamehe. Breki zina mafuta, gari halitasimama."

Baba akanitazama, kisha akamgeukia mume wangu. "Wewe ndiwe ulomwambia maneno hayo?"

"La, baba," akasema. "Mimi sikusema neno."

Alisema hivyo mbele yangu, wala hakupepesa macho.

"Wafahamu nini wewe mambo ya gari?" baba akanikemea. "Ingia, tumechelewa."

"Siingii, wallahi. Nendeni nyinyi wawili."

Sikuwahi kumkatalia baba jambo tangu kuzaliwa kwangu. Akasema nimemwaibisha mbele ya mkwewe, na kwamba bibi ataambiwa ni nani aliyemnyima kumwona kitukuu chake. Nikaingia ndani, nikatia komeo. Nikasikia gari likitoka. Mtu akitaka niseme kwamba nilikaa nikiwaombea dua, nitamdanganya. Nilikaa nimefura, mtoto ananyonya, nikijiuliza nimeolewa na mtu wa namna gani.

Kabla ya adhuhuri walirudi kwa miguu. Gari lilikuwa limekataa kusimama mteremkoni, na watu wenye mizigo wanashuka kwenda kivukoni. Mume wangu akakata usukani, gari likajichomeka kwenye lundo la mchanga wa kujengea. Hakuna aliyeumia isipokuwa baba, aliyejigonga kwenye kioo cha mbele. Kipaji chake cha uso kilikuwa kimevimba donge la ukubwa wa yai. Nikalitazama donge lile, nikakitazama kichwa cha mwanangu.

Baba akakaa barazani akiwaeleza majirani. "Gari bovu hili. Mwenyewe Mzungu alilikimbia."

Mume wangu akanifuata jikoni. Nikamchotea maji kwa kata. Alikunywa yote, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Ulisema kweli."

"Nenda kaseme hapo nje," nikamwambia. "Baba akusikie, na majirani wasikie."

Akaitua kata, akatoka, akakaa karibu na baba yangu, akamuuliza kama kichwa kingali kinamuuma.