Niliapa na Mafuta ya Nyirinyiri Mkononi

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema kabla hamjatafuta wa kumlaumu, maana kulaumu ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mtu wa boda hapa Garissa. Nina pikipiki moja na majivuno ya pikipiki kumi. Ijumaa moja wazee wetu walikuwa waende kwa kina Hodan kuniposea, nami nikaona siwezi kuwatangulia hadi langoni na rimu zilizochakaa. Nilitaka rimu za dhahabu! Utadhani baba yake alikuwa anaoza rimu.

Nikampelekea rimu zangu fundi mmoja mgeni, aliyehamia juzi kutoka Mandera. Anapaka ile rangi ya unga: anaupuliza kwenye chuma, kisha chuma kinachomwa ndani ya oveni mpaka unga uyeyuke ushike. Mzee mpole. Akatoa tairi, akang'oa beringi, akazipiga rimu mchanga kwa mashine hadi zikabaki chuma kitupu.

"Kijana, sikia," akaniambia. "Kupaka si kazi. Kazi ni kuandaa. Hii sasa hakuna mkono kugusa, hata mkono ya imamu. Mafuta kidogo tu, rangi inakataa."

"Haye, adeer," nikaitikia kwa adabu zote, nikimwita ami kwa Kisomali. Alipokwenda kusali alasiri, nikaibeba rimu moja ndani ya gunia nikaenda nayo nyumbani!

Nilitaka picha tu. Lakini mama alikuwa amefungua mkebe wa nyirinyiri, ile nyama kavu inayokaangwa na kulazwa ndani ya samli, na nani anaipita nyirinyiri? Nikala. Kisha, tamaa ya picha ikinisukuma, nikaishika rimu kwa mkono wa kulia bila kunawa. Ndio huu mkono ambao cheni ya pikipiki ilimeza nusu ya kidole chake cha shahada.

Nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Fundi akaitazama, akanitazama.

"Imeguswa?"

"Hapana, adeer."

"Kama imeguswa sema tu, hakuna ugomvi. Naosha, napiga mchanga tena, unachukua Jumamosi."

Jumamosi! Na posa ni Ijumaa?

"Wallahi haijaguswa," nikasema, na ladha ya nyama ingali mdomoni. Astaghfirullah!

Jumanne nikazichukua, ziking'aa mpaka mbuzi wakasimama kutazama. Jumatano nilipita steji yetu ya boda mara saba bila abiria, nionekane tu. Alhamisi, jua la hapa mnalijua, rangi ya rimu ya mbele ikatoka malengelenge, kisha ikabanduka.

Mtu mwenye akili angeinama aangalie imebanduka vipi. Mimi nilipanda juu ya kiti cha pikipiki nikahutubia steji nzima. "Huyo mtu wa Mandera ni tapeli! Anawapaka unga wa chapati!"

"Hiyo ni noma, boss," akasema mwenzangu mmoja. "Mimi naenda kutoa zangu saa hii." Wakaondoka watatu.

Ijumaa, baada ya sala, wazee wakaketi kwa kina Hodan, chai ya maziwa ya ngamia ikamiminwa. Mimi nilibaki langoni na pikipiki, kama desturi inavyotaka bwana harusi asikae akijisemea. Baba yake Hodan akasema hawezi kutoa jibu kabla abti yake hajafika, yaani mjomba wa binti, ndugu wa mama yake. Hodan alikuwa ameniambia huyo abti amehamia mjini karibuni. Nikamwuliza kazi yake? Wapi! Nilikuwa na shughuli ya kujipiga picha.

Abti akaja kwa miguu. Ya Rabbi! Ni yule fundi.

Hakupaza sauti. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, akarudi langoni, akachuchumaa mbele ya gurudumu langu.

"Wazee, kujeni. Hii vidole ni ngapi?"

Mzee wetu mmoja akainama. Rangi ilikuwa imebanduka kwa umbo la mkono. "Tano," akasema. "Lakini moja imekatika."

Wote wakanigeukia. Mkono nilikuwa nimeshauficha mfukoni.

"Toa mkono," akasema adeer wangu mwenyewe, ndugu wa baba. Nikautoa, na abti akawasimulia kiapo changu na hotuba yangu ya steji.

Baba yake Hodan akauvunja moyo wangu kwa maneno machache. "Ameapa kwa Mungu kwa sababu ya rimu, na jana amevunja jina la mtu mjini. Kesho akimkosea binti yangu, ataapa nini?" Chai ikaisha. Fatiha ya kukubali posa haikusomwa. Nililia, sioni haya kusema.

Jioni Hodan akanitumia ujumbe mmoja tu: "Ungesema Jumamosi. Ningengoja."

Nilirudi steji, nikapanda kiti kile kile, nikawaambia fundi ni mkweli na mwongo ni mimi. Alhamisi walinisikiliza wote. Safari hii walinisikiliza wawili, na mmoja alikuwa anangoja chenji.

Vijana wenzangu, chuma kikishapigwa mchanga, usikiguse. Ukikigusa, sema, hata kama posa ni kesho! Rimu zile bado ninazo. Nimezipitisha kwenye matope ya mto na mawe ya njia ya Balambala, na dhahabu yake haijatoka hata chembe, isipokuwa pale nilipoweka mkono.