Meli Ikilia, Usigeuke

Harufu ya muhogo uliolowekwa, ile ya siku ya tatu unapolainika na maji kuwa meupe, watu wengi huikimbia. Mimi ikinifikia napata hamu ya sherehe. Wajukuu zangu hucheka nikiwaambia hivyo, wananiuliza, Koko, sherehe gani inanuka namna ile? Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi niliyeishia darasa la tatu. Jumapili hii tunawapeleka watoto kwenye kiwanja kipya cha michezo hapa Kindu, chenye farasi wa kuzunguka, na wazazi wao wanadhani kwenda mahali na watoto wadogo ni kuamka tu na kutoka mlangoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi nitaeleza tangu mwanzo.

Farasi wa kuzunguka niliwaona mara ya kwanza nikiwa na miaka saba hivi, kabla vita vya wale waasi walioitwa Wasimba havijatufikia. Misheni ilikuwa na sikukuu yake kila mwaka, tuliita kermesi, na ingawa nyumba yetu ilikuwa ya Waislamu tulikwenda, kwa kuwa kermesi ilikuwa ya mji mzima. Katikati ya uwanja palisimama nguzo nene ya chuma, na farasi sita wa mbao wamefungwa kwenye vyuma kuizunguka, na wanaume wawili wakiwasukuma kwa mabega mpaka jasho likawatiririka mgongoni. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuona farasi aliye hai. Dada yangu Feza alishikilia kwamba wale ni mbuzi waliokatwa pembe. Mama alitupanga kwenye mstari, Feza mbele, mimi nyuma yake, na mdogo wetu Salumu mgongoni kwa Mama, kitenge kimekazwa. Mafuta ya mawese yalikuwa yakichemka kwa wauza maandazi, tumbo langu linaunguruma, na mbele yetu walibaki watoto wanne tu. Hapo meli ikalia bandarini. Mlio wa meli za siku zile ulikuwa mzito, hausikiki masikioni tu, unakuingia mpaka mbavuni. Nikageuza shingo. Shingo ikageuka, na miguu ikaifuata. Nilikwenda mpaka gatini, nikasimama kuitazama ikijiondoa taratibu na kushika maji, na kwa muda huo wote Mama na Feza walikuwa wakinitafuta chini ya meza za watu. Waliponipata mvua ilikwisha kushuka na farasi wamefunikwa turubai. Mama hakunipiga. Njia nzima alisema neno moja, na alilisema kama mtu anayejilaumu mwenyewe: hatukupanga. Feza alilia mpaka mlangoni. Mimi sikulia, sikuwa na haki hiyo.

Kermesi ya mwaka uliofuata haikufanyika. Baba alikuwa mtu wa reli na vita vilimkuta upande wa Kongolo, hatukujua kama yu hai. Mama akatuvusha mto Lualaba kwa mtumbwi mpaka ng'ambo, tukatembea siku mbili kuelekea Pangi, tukaingia msituni kwenye kibanda cha shamba alichoacha babu yetu. Tulikaa huko mpaka mihogo tuliyoikuta michanga ikakomaa. Chumvi hakuna, tulikula sombe, majani ya muhogo, kwa maji ya majivu, na ulimi ukazoea uchungu huo hata ukasahau kwamba kuna kitu kingine. Kwenye kijito karibu na kibanda ndipo Mama alipoloweka muhogo, na hapo ufukweni, siku moja baada ya kazi, alichukua fimbo akachora kwenye mchanga. Huu mlango, akasema. Hapa wauza maandazi. Hapa farasi. Tulipomtazama bila kuelewa, akatwambia kwa sauti ile ile aliyotumia kutuambia kwamba kesho tutapalilia:

"Kermesi itarudi. Na safari hii tutapanga."

Tangu siku hiyo tulipanga karibu kila jioni, tukiwa tumezungukwa na harufu ya muhogo. Kisiki cha mti kilikuwa nguzo ya farasi. Mama alikuwa na utaratibu wake na hakupenda maswali. Ugali huliwa nyumbani, ili andazi la watu lisikushike mguu. Kukojoa ni kabla ya kutoka. Njiani Mama anatangulia, mkononi kamshika Salumu, Feza anashika kitenge cha Mama, mimi nashika gauni la Feza, na hakuna anayeachia mpaka Mama aseme. Aliyepotea asitembee, asimame palepale, mtu mmoja akitulia ni rahisi kuonekana kuliko wawili wanaotafutana. Tukifika kwenye farasi, Salumu atapanda wa kwanza, maana ndiye mdogo na hakumbuki chochote. Mimi wa mwisho. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na mimi sikuuliza.

Halafu palikuwa na jambo la meli. Tukiwa tumeshikana vizuri, tunakizunguka kisiki, Mama, mwanamke aliyekuwa hachekicheki na mtu, alikuwa anajaza hewa mashavuni na kulia kama meli. Mlio mzito, mrefu, wa kweli kabisa. Kila mara shingo yangu iligeuka kutafuta mto usiokuwepo. "Rudi nyuma, anza upya," alisema, nami nikarudi mpaka mlango wa mchanga, na wote wakarudi pamoja nami, Feza akininyooshea midomo. Salumu alikuwa anajifunza kusema wakati huo, na sentensi ndefu ya kwanza niliyomsikia akiitoa ilikuwa hiyo. Alinifuata nayo kutwa nzima. Nikimwaga maji, rudi nyuma anza upya. Nikiunguza ndizi, rudi nyuma anza upya. Kumbe mwana hutazama kisogo cha ninaye. Ilichukua siku nyingi kabla shingo yangu haijatulia, na siku ilipotulia Mama hakunisifu. Alisema, basi, kachote maji.

Siku ambayo risasi zililia kwenye njia ya shamba tulikuwa kijitoni, mikono yetu ndani ya maji meupe. Zililia karibu, kisha sauti za wanaume, kisha tena risasi. Mama alinyoosha mkono tu, na Salumu akaushika. Feza akashika kitenge. Mimi nikashika gauni la Feza, tukavuka kijito na kuingia vichakani kwa mwendo ule ule wa kukizunguka kisiki. Nyuma yetu vitu vilipasuka, mtu akapiga ukelele ambao mpaka leo sijui ulitoka kwa nani. Nilihisi shingo yangu inavutwa kama kwa kamba. Njia ilikuwa ya miiba na mizizi, na ningegeuka mara moja tu, gauni lile lingenitoka vidoleni na nisingewapata tena. Sikugeuka. Tulikaa kwenye michikichi mpaka jua likashuka, na katika muda huo wote Salumu alisema mara moja tu, kwa kunong'ona, mdomo wake umegusa sikio la Mama, kwamba je, tumefika kermesi.

"Bado," Mama akamjibu. "Mustari iko murefu."

Tuliporudi, kibanda kilikuwa majivu na kuku wamechukuliwa. Muhogo ulikuwepo majini kama tulivyouacha, hakuna aliyeutaka kwa ile harufu yake. Ulitulisha siku zote zilizobaki mpaka tukapata njia ya kurudi mjini. Sasa mtu aniambie kwamba unanuka.

Vita vilipotulia Baba alirudi, amekonda mpaka saa haikai mkononi, lakini alirudi. Kermesi nayo ikarudi, ndogo, meza tatu za maandazi na ngoma moja. Tulikula ugali nyumbani. Tukakojoa. Tukaenda tumeshikana, na watu waliotuona barabarani walidhani tunasindikiza kipofu. Tulipofika katikati ya uwanja tukaona nguzo ya chuma imesimama peke yake. Farasi walikwisha kuchanjwa kuni na watu wenye njaa, na simlaumu mtu. Feza alianza kuvuta pua. Salumu, ambaye alikuwa wa kwanza kwa haki yake, alitazama juu, akatazama chini.

"Mama, farasi iko wapi?"

"Leo haiko," Mama akasema. "Zunguka."

Salumu akaweka kiganja kwenye chuma, akazunguka. Feza akazunguka. Nami nikazunguka, nguzo ina moto wa jua, nilipomaliza nikaona nyuma yangu wamejipanga watoto wengine nisiowajua, saba au wanane, wanangoja zamu. Mmoja akaniuliza ni mizunguko mingapi. Nikamwambia mitatu.

Sasa Mama hayupo, Mungu amrehemu. Feza yuko Lubutu kwa watoto wake. Salumu alifuata kazi ya Baba ya reli hadi akastaafu, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu na anatembea kwa fimbo. Na kiwanja kimefunguliwa, farasi wanang'aa, wa plastiki, wekundu na wa buluu, na kuna mahali pa kuteleza. Mke wa mwanangu aliponiona nawapanga watoto alisema kwa heshima kwamba Mama usijichoshe, tukipotezana tutapigiana simu. Nikamwambia simu haina gauni la kushika. Redio yetu bado inataja vita kila asubuhi, huko na huko upande wa mashariki, na mimi simfundishi mtoto jambo kwa ajili ya Jumapili moja.

Kwa hiyo jana alasiri nilipindua kinu katikati ya ua, kikawa nguzo, nikawapanga wajukuu wangu watano. Yule mkubwa, Riziki, alinieleza kwamba farasi hawa wanaendeshwa kwa umeme, hawahitaji wa kuwasukuma. Nikamuuliza, na umeme ukikatika? Hapa Kindu hilo ni swali la haki. Tulikuwa tumekwisha kuzunguka mara mbili Salumu alipoingia na fimbo yake, hakusalimu mtu, akaenda moja kwa moja kusimama mbele ya mstari, mbele ya mdogo wa mwisho mwenye miaka mitatu. Mtoto akamtazama kutoka viatu hadi kofia, kisha akanyoosha kidole kwenye benchi la ukutani.

"Koko, weye iko muzee. Benchi yako njo ile."

"Mimi nilipangwa hapa kabla baba yako hajazaliwa," Salumu akamjibu, na hakusogea. Nikawaambia watoto wamwache, ni kweli.

Nyumba yetu haiko mbali na bandari. Tulikuwa tunaanza mzunguko wa tatu meli ilipolia, mlio mwembamba kuliko wa zamani lakini unafika. Watoto wote watano wakaachia nguo za wenzao na kukimbilia pembeni, wakaparamia uzio wa mianzi, wanasukumana, wanataka kuiona inabeba nini. Hawakuogopa hata kidogo. Nilifungua mdomo niwagombeze, ndipo nikahisi mkono wa mtu begani. Nilikuwa nimegeuka mimi pia, mwili mzima, nimekipa kinu mgongo.

"Rudi nyuma," Salumu akasema. "Anza upya."

Nikawaita watoto, wakaja wakajipanga, safari hii yule mdogo akiwa wa mwisho. Nikaenda mwisho wa mstari, nyuma ya yule wa miaka mitatu, nikainama nikashika shati lake.