Visu vya Arobaini

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Mazingara, ndipo nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Mume wangu alikuwa kibarua wa mkonge upande wa Korogwe, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Aliyenilea kwenye uzazi alikuwa mama mkwe.

Mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe, na desturi hiyo sikuwa na ugomvi nayo. Kule tulikotoka, mzazi alishinda na wanawake watatu wanne chumbani: huyu anamkanda, huyu anakoroga uji wa pilipili manga, huyu kazi yake kusengenya tu. Kijijini tulipangwa mstari, kila mtu na jirani asiyemchagua, na kila asubuhi wanawake wanaitwa shamba la kijiji. Mama mkwe alinikanda harakaharaka, akaniachia bakuli la uji, akaweka kisu chini ya mto wa mtoto ili jambo baya lisimguse, akaenda zake. Nikabaki na kuta ambazo hata udongo wake ulikuwa haujakauka.

Sijui ilianza siku ya ngapi. Nilikuwa nanyonyesha, mara nikajiona nimeshika kile kisu. Sikukishika, mkono wangu ulikuwa mgongoni mwa mtoto. Lakini niliona waziwazi, mpaka nitakachofanya. Kesho yake picha ile ikarudi, na kesho kutwa. Nikawa namlaza mtoto kona moja, nami najibana kona ya pili, nimekalia mikono yangu. Akilia, nami nalia. Kutoka siwezi, mzazi akionekana nje ni aibu ya ukoo mzima. Kusema siwezi, ningeanzia wapi? Nilimpenda yule mtoto, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Mama mkwe akirudi anamkuta mjukuu ana njaa, ananinunia. Alidhani nadeka. Siku moja nikakitoa kile kisu, nikakichomeka kwenye nyasi za paa. Hakukiona, akaamini kuna kitu kimeingia ndani na kukiondoa. Akaleta kikubwa zaidi, na kingine akakiweka miguuni.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa anajifunga kanga aende shamba, nilimshika mkono.

"Mama, usiniache na hivi visu."

"Vinamlinda mtoto, mwanangu."

"Na mimi je? Nani atamlinda na mimi?"

Nikangoja kofi, au yowe la kuita watu. Alinitazama sana. Kisha akavichukua visu vyote viwili, akatoka navyo. Nilimsikia balozi wa nyumba kumi akimwita shambani, naye akajibu kwamba leo haendi, wala kesho, na kijiji kikiwa na neno kije kimwambie hapo mlangoni. Balozi akaenda zake. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubishana naye.

Akarudi ndani mikono mitupu, akaketi mkekani karibu yangu, akampakata mtoto.

"Nilipomzaa mumeo," akasema, bila kuniangalia, "sikwenda naye kisimani mwaka mzima. Niliwaambia watu mgongo unaniuma."